Kilo Sitini na Mbili

Muuzaji alisema tani mbili na robo,
akalipiga gari kofi la ubavuni
kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani.
"Hili litavuta kanisa, na padri akiwa ndani."
Orest akacheka, akatia saini.
Mimi niliinama kwenye kibandiko cha mlango wa dereva,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
nikasoma hadi cheko likanikauka.

Kwa maana ile tani mbili na robo
ni ya gari lisilo na watu.
Dereva mmoja, mwembamba, hana mbwa,
hana sanduku la viatu vya mvua,
hana mama mkwe anayesafiri na mito yake mitatu.
Gari la kwenye kipeperushi ni la mseja.

Nikachukua kalamu ya Zenia, ile ya zambarau,
nyuma ya bili ya umeme nikaandika:
gari na trela, pamoja na vyote vilivyomo,
visizidi kilo elfu nne na mia tano.
Hiyo ni kauli ya injini.
Toa gari lenyewe. Toa petroli.
Toa Orest, tisini na tano
(nikaandika mia na nne).
Toa mimi; hayo ni yangu na kalamu.
Toa Zenia, toa Markian, toa mama mkwe na mito,
toa mbwa, ambaye akilowa huongezeka.
Kilichobaki ndicho haki ya trela:
elfu moja mia nane na kumi.

Trela lilikuwa la baba mkwe.
Alilinunua mwaka ngano ilipokubali,
akaliegesha nyuma ya ghala, na hapo likakaa.
Saskachewani ni bapa kama sinia;
milima aliijua kwa kalenda ya benki.
Chini ya kitanda cha trela limo sanduku lake la spana,
na hakuna, tangu msiba, aliyeligusa.

Ulimi wa trela tuliupima kwa mizani ya bafuni,
ubao juu yake, matofali upande wa pili,
mizani ileile inayoniambia maneno asubuhi.
Ukiwa mzito mno, gari linakaa kitako;
ukiwa mwepesi, trela linatikisa mkia
na kukutupa mtaroni.
Orest alihamisha mtungi wa gesi mara nne.

Kisha tukaenda kwa Wendell, kwenye kinu cha nafaka,
tukapanda mizani ya malori, sote ndani, mikanda imefungwa,
hata mbwa hakupumua.
Elfu nne, mia tano, sitini na mbili.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mizani ya Wendell haijui methali.

Kimya. Halafu macho yote, moja baada ya jingine,
yakaenda nyuma, kitandani, chini ya kitanda.
Mama mkwe akashuka garini bila neno,
akaingia kwenye trela,
akaketi juu ya sanduku la spana
kama kuku aliyeatamia.

Markian akasema anaweza kubaki.
Ana kilo thelathini na moja; alishapiga hesabu.
"Wawili kama mimi," akasema, "na tatizo limekwisha."
Ana miaka tisa. Sikujua niangalie wapi.

Nikaangalia chini, ndipo nikaona
kiziba cha tangi la maji.
Orest alilijaza jana usiku, akipiga mluzi,
lita mia moja na kumi,
tupeleke maji kwenye milima yenye barafu!

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikafungua.
Yalitoka polepole, yakazunguka magurudumu,
yakaifuata mitaro ya malori hadi barabarani,
na Wendell akasoma namba kwa sauti zikishuka,
kumi kumi, kama mtu anayetoa tasbihi.

Elfu nne, mia nne, hamsini na mbili.

"Arobaini na nane za ziada," akasema Zenia.
Ndani ya trela, sauti ya mama mkwe:
"Basi turudi nyumbani kidogo.
Nimeacha mto mmoja."